Theluji mlangoni: Gharama isiyoandikwa kwenye mkataba wa nyumba

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Januari, simu nyingi zinazopigwa kutoka Minneapolis, Buffalo au Toronto kuja Dar es Salaam na Nairobi huwa na kauli moja: mwezi huu mambo ni magumu, tusubiri mwezi ujao. Aliyeko huku hudhani ndugu yake amebadilika, au ameanza kujificha. Mara nyingi sivyo. Majira ya baridi humletea mkazi wa kaskazini mwa Marekani na Kanada madai ambayo hayamo katika mshahara wake. Bili ya kupasha nyumba joto inafahamika kwa kila mtu na huzungumzwa sana. Matengenezo ya gari nayo yanajulikana. Lakini lipo dai la tatu ambalo wageni wengi hawalitambui hadi wapokee barua ya jiji: gharama ya kuondoa theluji mbele ya nyumba.

Msomaji ambaye theluji yake ni ile anayoiona kwa mbali juu ya Kibo ana haki ya kuuliza kitu kinachoanguka bure kutoka mbinguni kinagharimu nini. Na tupige hesabu. Chukua njia fupi ya kuingizia gari nyumbani yenye eneo la mita za mraba 50, kisha usiku mmoja ianguke theluji ya kina cha sentimeta 20. Hizo ni mita za ujazo 10. Theluji kavu iliyoanguka saa chache zilizopita huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo mzigo uliopo mlangoni ni kati ya nusu tani na tani moja. Ikiwa theluji ni ya majimaji, kama inavyokuwa mwezi Machi, uzito unaweza kupita kilo 300 kwa mita ya ujazo, na mzigo ukawa tani tatu. Mtu anayetoka zamu ya usiku hospitalini saa 1 asubuhi hukuta tani hizo zikimsubiri, na hawezi kuliingiza gari hadi aziondoe.

Ugumu wa jambo hili haupo kwenye uzito peke yake, bali pia kwenye sheria. Katika miji mingi ya Marekani barabara ya magari husafishwa na jiji, lakini njia ya waenda kwa miguu inayopita mbele ya nyumba, ingawa ni mali ya umma, husafishwa na mwenye nyumba. Minneapolis humpa mwenye nyumba ya kawaida saa 24 tangu theluji ilipokoma kuanguka. Wenye majengo ya ghorofa ya kupangisha na ya biashara hupewa saa nne tu za mchana. Boston hutoa saa tatu. Chicago imeweka kwamba theluji ya mchana iwe imeondolewa kabla ya saa 4 usiku, na ya usiku kabla ya saa 4 asubuhi, na anayekaidi anaweza kutozwa kati ya dola 50 na 500 kwa siku. Usiposafisha, katika miji kadhaa jiji hutuma watu wake, kazi ikafanyika, na bili ikakufuata. Mpangaji naye asijione yuko salama. Mikataba mingi ya nyumba nzima humtwisha yeye wajibu huo kwa sentensi moja iliyofichwa ukurasa wa nne au wa tano.

Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, fedha nyingi zinazopotea kwa ajili ya theluji hazipotei kwenye kununua vifaa wala kulipa vibarua. Hupotea kwa kuchelewa. Beleshi zuri la plastiki lenye mpini uliopinda hununuliwa kwa dola zisizozidi 40 na hudumu misimu mingi. Linganisha na gari lililovutwa. Chicago, ambako kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 1 ni marufuku kuegesha gari kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi katika baadhi ya barabara kuu, hata kama hakuna chembe ya theluji, ada ya kuvuta gari imekuwa haipungui dola 150, na juu yake kuna faini na malipo ya hifadhi kwa kila siku. Minneapolis nayo hutangaza kile inachokiita dharura ya theluji. Usiku wa kwanza, kuanzia saa 3 usiku, hakuna kuegesha upande wowote wa barabara zilizotengwa. Kesho yake katika barabara nyingine huzuiwa upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu upande wa namba witiri. Mgeni asiyejiandikisha kupokea matangazo hayo kwa simu huamka na kukuta mahali pa gari pakiwa patupu. Kwa gharama ya usingizi huo mmoja angeweza kununua mabeleshi sita.

Kuchelewa huongeza pia kazi yenyewe. Theluji ya saa mbili husukumwa kwa beleshi kama pumba za mpunga. Ikishakanyagwa na miguu na matairi, hushikamana na saruji, na usiku huganda kuwa barafu isiyotoka ila kwa chumvi nyingi au kwa sululu. Ndiyo maana wenyeji wa huko hutoka mara mbili au tatu wakati theluji ikiendelea kuanguka, wakasukuma kidogo kidogo, kuliko kusubiri ikome. Hupaka pia nta ya mshumaa au mafuta ya kupikia kwenye uso wa beleshi ili theluji isinate. Tena wana hila moja ambayo haigharimu hata senti. Lori la jiji la kukwangua theluji linapopita huacha tuta zito mdomoni mwa njia ya gari, na wengi hulazimika kusafisha upya mahali walipokwisha kusafisha. Kwa kuwa kule magari hupita kulia, mtu aliyesimama mlangoni akitazama barabara huliona lori likitokea kushoto kwake. Akirundika theluji yake upande wa kulia, na kusafisha kijinafasi kando ya barabara upande wa kushoto, sehemu kubwa ya mzigo wa lori huangukia humo kabla ya kufika mdomoni.

Wapo wasioweza kufanya hayo, na wapo wasio na muda. Kitongoji cha Brooklyn Park, kaskazini-magharibi ya Minneapolis, kinajulikana kwa kuwa na Wakenya wengi, wakiwamo wenye asili ya Kisii, na miongoni mwao wapo walioanzisha nyumba za kutunzia wazee na walemavu. Katika nyumba kama hiyo mlango wa dharura na njia ya kiti cha magurudumu haviwezi kusubiri saa 24. Hapo mkataba na mtu wa theluji si anasa tena, na swali linakuwa ni mkataba wa namna gani.

Kwa kawaida kuna namna mbili. Ya kwanza ni malipo kwa kila safari; ya pili ni kiasi kimoja kwa msimu mzima, theluji iwe nyingi au kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba safari moja ni dola 45 na msimu mzima ni dola 500. Safari 11 zinakaribia kulingana na mkataba. Kuanzia ya 12 mwenye mkataba wa msimu ndiye anayefaidika. Basi je, zitakuwa safari ngapi? Hakuna anayejua, na hilo ndilo linalouzwa. Minneapolis hupata wastani wa inchi 50 hivi za theluji kwa msimu, lakini wastani huo haumsaidii mtu sana. Msimu wa 2022 kuingia 2023 ulipita inchi 90, ukawa wa tatu kwa wingi tangu kumbukumbu zianze kuwekwa. Msimu uliofuata ulileta takriban inchi 30 tu. Aliyelipa msimu mzima mwaka wa kwanza alimshinda mkandarasi wake. Aliyerudia mkataba uleule mwaka wa pili, akisukumwa na kumbukumbu ya mateso, alilipia hewa.

Kwa hiyo mkataba wa msimu ni bima, na utazamwe kama bima. Kama kaya ina akiba ya kustahimili msimu mbaya mmoja, kulipa kwa safari mara nyingi kutakuwa nafuu ukihesabu miaka kadhaa, kwa sababu mkandarasi ameshaweka faida yake na hofu yake ndani ya bei ya msimu. Kama kaya haina akiba hiyo, na bili tano za ghafla mwezi wa Februari zitaiangusha, basi heri kulipa zaidi kidogo na kulala. Ninaowashangaa ni wale wasiochagua lolote kati ya hayo mawili, wakasubiri dhoruba iingie ndipo waanze kupiga simu. Siku hiyo kila mwenye lori ana orodha yake tayari, na asiye kwenye orodha hutajiwa bei yoyote.

Maandishi ya mkataba nayo yana mitego. Mikataba mingi husema mkandarasi atafika theluji ikifikia kina fulani, aghalabu inchi mbili. Ikianguka inchi moja na nusu mara tatu katika juma, mkandarasi hafiki hata mara moja, wala hajavunja ahadi. Lakini mkaguzi wa jiji haulizi kama ilifika inchi mbili. Anatazama njia ya miguu tu. Aidha mikataba mingi huhusu njia ya gari peke yake, bila njia ya waenda kwa miguu, bila ngazi za mlangoni, na bila lile tuta la lori. Mtu hulipa dola 500 na bado akabaki na beleshi mkononi. Yafaa pia kuomba cheti cha bima ya mkandarasi, maana kibarua asiye na bima akiteguka mguu kwenye ua wako, madai huweza kugonga mlango wako. Na kulipa msimu wote kwa fedha taslimu mwezi Oktoba, kwa mtu mwenye namba ya simu tu, ni kujitakia.

Nafuu iliyo wazi kuliko zote haitumiwi ipasavyo, nayo ni ujirani. Gharama kubwa ya mwenye lori ni mwendo kati ya nyumba na nyumba. Akipata nyumba sita zinazofuatana mtaa mmoja, huokoa mafuta na saa za kazi, na ana sababu ya kupunguza bei. Mashine ya kurusha theluji vilevile: ya petroli yenye nguvu hugharimu dola elfu moja na zaidi, hutumika siku chache kwa mwaka, kisha hulala ghalani. Majirani wanne wakichanga, wakainunua mwezi Machi au Aprili wakati maduka yanapotaka kuondoa bidhaa za baridi, kila mmoja hulipa kidogo. Wakumbuke tu kuondoa petroli kabla ya kiangazi, kwani petroli iliyolala miezi minane huziba kabureta. Na mdomo wa mashine ukiziba, izimwe, kisha itumike fimbo, kamwe si mkono.

Chumvi inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiko watu wengi wanakotupa fedha bila kujua. Chumvi ya kawaida ya mawe haiyeyushi theluji kwa maajabu; inashusha kiwango cha joto ambacho maji huganda. Lakini kasi yake hupungua kadiri baridi inavyozidi, na chini ya nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri huwa karibu haifanyi kazi ya maana. Usiku wa kawaida wa Januari mjini Minneapolis hushuka chini ya hapo. Mkazi anayemwaga mfuko mzima saa 4 usiku kwa sababu haoni matokeo anamwaga dola. Usiku wa namna hiyo panahitajika kloridi ya kalsiamu, ambayo ni ghali zaidi lakini hufanya kazi katika baridi kali, au mchanga. Mchanga hauyeyushi chochote, ila huzuia mguu usiteleze, na Minneapolis huwapa wakazi wake mchanga bure, mradi waende na ndoo zao.

Kipimo nacho ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Wanaohamasisha matumizi mazuri ya chumvi katika majimbo ya kaskazini husema kikombe kimoja kikubwa cha kahawa, yaani kama nusu kilo, chatosha njia ya gari yenye urefu wa mita sita, au vipande kumi vya saruji vya njia ya miguu. Chumvi itangulie kuondolewa kwa theluji kwa beleshi? Hapana, ifuate. Kazi yake ni barafu nyembamba iliyobaki. Inayozidi hula saruji, huua majani, na kuozesha chuma cha gari, kisha huingia majini. Idara ya kudhibiti uchafuzi ya jimbo la Minnesota imekuwa ikieleza kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi chatosha kuharibu galoni tano za maji, na ikishaingia ziwani hakuna njia rahisi ya kuitoa.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kazi ya mwenye nyumba mwenyewe haina bei. Ina bei, na wakati mwingine ni kubwa mno. Utafiti wa Marekani uliohusu miaka ya 1990 hadi 2006 ulikadiria kuwa watu wapatao 11,500 kwa mwaka walitibiwa katika vitengo vya dharura kwa majeraha ya kuondoa theluji kwa beleshi, na kwamba katika kipindi hicho chote zaidi ya watu 1,600 walikufa, vifo vikihusishwa na moyo. Watafiti wa Quebec nao, wakichunguza kumbukumbu za 1981 hadi 2014, waliona kuwa vifo vya shambulio la moyo miongoni mwa wanaume huongezeka siku inayofuata theluji nyingi. Sababu zake zinaeleweka. Baridi huibana mishipa, mikono huchoka upesi kuliko miguu, mtu hubana pumzi anaponyanyua, na mara nyingi ni mtu ambaye hajafanya mazoezi tangu Septemba.

Katika dhoruba iliyoipiga Buffalo wakati wa Krismasi ya mwaka 2022, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha katika Kaunti ya Erie, na baadhi yao walianguka kwa moyo wakiwa wanaondoa theluji. Mji huo ni makazi ya wakimbizi wengi, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Kwa baba wa miaka 55 mwenye shinikizo la damu, dola 45 za kumlipa kijana wa jirani si ubadhirifu. Bili ya chumba cha dharura nchini Marekani, hata kwa mwenye bima, yaweza kupita gharama ya misimu kumi ya mkataba. Asiyeweza kulipa aulize kanisani, msikitini au ofisi ya wazee ya mji wake. Miji mingi ina vijana wa kujitolea wanaowafanyia wazee kazi hiyo, lakini majina huandikwa kabla ya Desemba.

Linabaki swali la msingi, ambalo mkazi wa Dar es Salaam anayeambiwa azibue mfereji wa umma ulio mbele ya nyumba yake atalielewa haraka: kwa nini kila kaya ibebe peke yake kazi ya njia ya wote? Si kila mji umekubali mpango huo. Montreal husafisha yenyewe barabara na njia za miguu, kilomita zipatazo 10,000 kwa jumla, na kuisomba theluji kwa malori, kwa gharama inayokaribia dola milioni 200 za Kanada kwa mwaka. Toronto ilipanua huduma ya kusafisha njia za miguu kwa mashine karibu jiji zima kuanzia majira ya baridi ya 2021. Rochester, katika jimbo la New York, kwa miaka mingi imekuwa ikipitisha mashine kwenye njia za miguu theluji inapokuwa nyingi, na mwenye nyumba hulipia kupitia bili ya kodi ya jengo kulingana na upana wa kiwanja chake.

Wanaopinga husema kodi itapanda, na hawasemi uongo. Lakini kodi hiyo haianzi leo. Inalipwa tayari, ila inalipwa kwa mafungu yasiyolingana: kijana mwenye afya hulipa kwa nusu saa ya jasho, mjane hulipa dola 45, aliyeko kazini kwa zamu mbili hulipa faini, na anayetembelea kiti cha magurudumu hulipa kwa kukaa ndani hadi Machi. Ukijumlisha malori yote ya watu binafsi yanayopishana mtaa mmoja kusafisha kila moja mita zake 15, ni vigumu kuamini kwamba huo ndio mpango wa bei nafuu.

Minneapolis yenyewe imeujadili mpango wa kusafisha njia zote za miguu. Mwaka 2023 Baraza la Jiji lilipata makadirio ya watumishi wake, yaliyoonyesha kwamba ungegharimu makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka, na wengi wakasita. Wajibu ukabaki kwa mwenye nyumba, na saa zake 24 huanza kuhesabiwa pale chembe ya mwisho inapoanguka, awe amelala, yuko kazini, au yuko kwenye simu akiwaeleza ndugu wa Mbagala kwa nini fedha za mwezi huu zimechelewa.